MARIA THERESA, BIBI WA REALE

Ukiona kwa nyanya yako sarafu kubwa ya fedha yenye picha ya mama mnene aliyejitanda shela, huyo ni Maria Theresa wa Austria. Sarafu yenyewe Waswahili waliiita reale ya Sham.

Bibi huyu alizaliwa Vienna tarehe 13 Mei 1717. Baba yake, Kaisari Charles wa Sita, hakuacha mtoto wa kiume, kwa hivyo alipofariki mwaka 1740 binti alirithi akiwa na miaka 23. Majirani wakasema ah, mwanamke tu! Frederick wa Prussia akavamia Silesia mwaka huohuo, na vita vikaendelea hadi 1748. Silesia ilipotea lakini kiti hakukiachia. Na wakati wote huo alikuwa akijifungua! Alizaa watoto 16, mmoja wao Marie Antoinette aliyekatwa kichwa kule Ufaransa mwaka 1793. Mumewe alipokufa mwaka 1765 alivaa nguo za msiba mpaka mwisho wake, ndiyo maana ana shela kwenye reale. Mwaka 1774 aliamuru watoto wote, wavulana kwa wasichana, waende shule. (Wako wenzangu ambao hawatamsamehe.)

Alifariki tarehe 29 Novemba 1780. Sasa hapa ndipo mambo yanapochanganya. Wafanyabiashara wa Arabuni, Uhabeshi na Unguja walikuwa wameizoea sura yake, wala hawakutaka ibadilishwe. Basi reale zikazidi kupigwa zikiwa na mwaka uleule wa 1780, kwanza kwao Austria, halafu katika karne ya 20 hata Rome, London na Bombay. Kwa hivyo huo mwaka hauthibitishi kitu.

Anayetaka kuijua ya kweli aanze na mizani: iwe gramu 28 na kidogo. Sumaku ikiinasa, hiyo si fedha. Lakini shaba na risasi pia hazinaswi, kwa hivyo usiishie hapo. Tazama ukingoni, herufi za Kilatini ziwe zimetokeza. Wanunuzi wa zamani walihesabu hata lulu za pambo la begani, maana mwigaji huchoka kuchora vitu vidogo. Reale ya Bombay ikipita hapo ni fedha halali, ingawa marehemu mwenyewe hakuiona. Ya risasi ni bandia, hata sura ikitoka vizuri namna gani.