Mary MacKillop: alitengwa na Kanisa, akabaki Mkatoliki

Kuna swali ambalo wasikilizaji wetu hutuletea mara kwa mara, wengine kwa ujumbe wa simu, wengine wakitukuta sokoni. Mtu afanye nini pale kiongozi wa dini anapotenda uovu, kisha wenzake wakamkingia kifua? Aondoke? Anyamaze? Abaki, na akibaki, abaki vipi?

Leo tunasimulia maisha ya mwanamke ambaye jambo hilo lilimkuta yeye mwenyewe. Ni Mary MacKillop wa Australia, aliyefariki mwaka 1909. Wakatoliki humwita Mtakatifu Maria wa Msalaba. Hata kama wewe msikilizaji si Mkatoliki, au si Mkristo, tunaamini utapata cha kuchukua.

Mtoto wa kwanza

Mary alizaliwa tarehe 15 Januari 1842 huko Fitzroy, Melbourne. Wazazi wake, Alexander na Flora, walikuwa wahamiaji kutoka Scotland, na yeye alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanane. Baba yake alisomea upadre mjini Roma katika ujana wake, ila hakufikia daraja hilo. Alikuwa na elimu nzuri, lakini fedha hazikumkalia mkononi. Alijaribu hiki na kile bila kufanikiwa, na mara nyingi familia iliishi kwa msaada wa ndugu.

Kwa hiyo Mary alianza kazi mapema, akiwa karani katika duka la vitabu na karatasi, ili mshahara wake usaidie nyumbani. Wengi wenu mnaijua hali hiyo, ya mtoto wa kwanza kugeuka mzazi wa pili.

Mwaka 1860 alikwenda Penola, mji mdogo wa mashambani huko Australia ya Kusini, kuwafundisha watoto wa shangazi yake. Huko alikutana na padre wa eneo hilo, Julian Tenison Woods. Parokia yake ilikuwa kubwa mno, akiizunguka kwa farasi. Wote wawili waliona jambo moja: watoto wa vibarua na wakulima wadogo walikuwa wakikua bila shule.

Mwaka 1866 walifungua shule katika zizi la farasi, baada ya kaka mdogo wa Mary kulikarabati. Ndipo lilipozaliwa Shirika la Masista wa Mtakatifu Yosefu. Mary alikuwa na umri wa miaka 24.

Masista walioishi kati ya watu

Shirika hili lilikuwa na mambo mapya. Masista hawakujifungia katika nyumba kubwa za mjini. Waliishi wawili au watatu kwenye vijumba vya kawaida, karibu na migodi, mashamba na njia za reli, mahali watu maskini walipokuwa. Mtoto alifundishwa, mzazi awe na ada au asiwe nayo. Hawakumiliki mali. Na jambo kubwa zaidi, waliongozwa na mkuu wao wenyewe aliyeangalia nyumba zote. Hawakuwa chini ya amri ya kila padre wa kila mji.

Watu waliwapenda, na wasichana wengi waliomba kujiunga. Shirika lilihamishia makao yake mjini Adelaide mwaka 1867, na kufikia mwaka 1871 lilikuwa na masista zaidi ya 120. Lakini kukua haraka kulileta madeni na manung'uniko. Baadhi ya mapadre hawakufurahia wanawake walioendesha shule bila kuwa chini yao.

Yaliyotokea Kapunda

Kapunda ulikuwa mji wa machimbo ya shaba, kaskazini mwa Adelaide. Mwaka 1870 masista waliofundisha huko walipata habari kwamba padre mmoja wa mji ule anawadhulumu watoto kingono. Hawakuziacha ziishie mdomoni. Walimweleza Padre Woods, aliyekuwa msimamizi wao, naye akazifikisha kwa makamu wa askofu. Padre yule akaondolewa na kurudishwa kwao Ireland.

Hapo tunapaswa kusema wazi. Aliondolewa, lakini kwa watu ilitolewa sababu nyingine, kwamba tatizo lake lilikuwa pombe. Watoto wale na wazazi wao hawakusikia ukweli ukitamkwa mbele ya jamii. Namna hii ya kumhamisha mtu kimyakimya tumeisikia tena katika karne yetu, katika nchi nyingi.

Padre mwingine wa Kapunda, Charles Horan, alikasirishwa na kilichompata mwenzake. Hasira yake iliwaelekea Woods na masista. Baadaye Horan akapata nafasi ya kuwa karibu sana na askofu wa Adelaide, Laurence Sheil. Askofu huyu alikuwa amerejea mapema mwaka 1871 kutoka Roma kwenye Mtaguso wa Vatikano. Afya yake ilikuwa dhaifu na aliwategemea sana washauri wake.

Wanahistoria hutaja sababu zaidi ya moja za mgogoro uliofuata. Madeni yalikuwepo, na ubishi kuhusu nani awaongoze masista ulikuwepo. Lakini kisasi cha Kapunda nacho kimo ndani ya hadithi hii, na haiwezekani kukiondoa.

Tarehe 22 Septemba 1871

Askofu alitaka kubadili kanuni za shirika ili masista wa kila mji wawe chini ya padre wa mahali hapo. Mary alijibu kwa heshima kwamba hizo si kanuni alizowekea nadhiri. Hakumtukana askofu, wala hakukubali.

Asubuhi ya tarehe 22 Septemba 1871, katika kikanisa cha masista mjini Adelaide, Askofu Sheil alimwita apige magoti. Mbele ya masista wenzake waliokuwa wakilia, akatangaza kwamba Mary ametengwa na Kanisa kwa kosa la kutotii. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Tueleze kidogo maana yake. Kutengwa ni adhabu nzito kuliko zote katika Kanisa Katoliki. Aliyetengwa hapokei Komunyo wala sakramenti nyingine. Mary aliamriwa aondoke, na watu wakakatazwa kushirikiana naye. Fikiria mwanamke aliyetoa maisha yake yote kwa Kanisa, anatolewa nje na Kanisa lilelile. Masista karibu 50 walifukuzwa, na shule nyingi zikafungwa.

Nani waliompokea? Marafiki walimhifadhi. Majesuiti wa Norwood, ambao hawakuona kwamba adhabu ile ilikuwa halali, waliendelea kumpa huduma za kiroho. Na mtu aliyewapa masista waliofukuzwa nyumba ya kukaa bila kodi alikuwa Myahudi, mfanyabiashara na mwanasiasa Emanuel Solomon. Wakati milango ya jimbo imefungwa, mlango wa mtu wa dini nyingine ulikuwa wazi.

Alivyokaa katika miezi hiyo

Sehemu hii ndiyo iliyotufanya tuchague maisha yake. Mary alikuwa na kila sababu ya kuondoka. Wapo waliotaka kumtetea magazetini kwa kumvunjia askofu heshima, naye hakutaka. Katika barua zake hakuonyesha chuki kwa waliomtenda hivyo. Alimwombea askofu, akasubiri.

Lakini tusikosee hapa. Kusubiri kwake hakukuwa kukiri kosa. Hakusema kwamba askofu ana haki. Hakuwaambia masista wa Kapunda kwamba wangefunga midomo. Na kanuni za shirika hakuziachia. Kwake Kanisa lilikuwa kubwa kuliko askofu mmoja aliyepotoshwa, na imani yake haikutoka mfukoni mwa padre yeyote hata padre huyo aweze kumnyang'anya.

Miezi mitano baadaye, Februari 1872, Askofu Sheil akiwa mahututi alitambua kosa lake, akaagiza adhabu ile iondolewe. Alifariki tarehe 1 Machi. Mwaka huohuo Roma iliunda tume ya maaskofu kuchunguza jambo zima, na shirika likaendelea.

Safari ya Roma na majaribu mengine

Mwaka 1873 Mary alisafiri hadi Roma kupeleka kanuni za shirika kwa Papa mwenyewe, na akaonana na Pius IX. Roma ilikubali jambo kuu, kwamba masista wawe na mkuu wao mmoja. Ila ilibadili kifungu cha kutomiliki mali. Padre Woods aliona Mary hakukitetea vya kutosha, na urafiki wao ukaharibika. Hilo lilimuumiza sana.

Majaribu hayakuisha. Mwaka 1883 askofu mwingine wa Adelaide, aliyewahi kuwa rafiki yake, alimwamuru aondoke jimboni, naye akahamia Sydney. Miaka miwili baadaye aliondolewa uongozini na mwenzake akawekwa mahali pake. Mwanzilishi akawa chini ya mtu mwingine, akafanya kazi aliyopangiwa. Mwaka 1886 mama yake alikufa maji meli ilipozama. Mwaka 1888 Papa Leo XIII alilithibitisha shirika rasmi, na mwaka 1899 masista walimchagua Mary tena kuwa mkuu wao.

Mwaka 1902, akiwa New Zealand, alipata kiharusi kilichomlemaza upande mmoja. Hata hivyo masista walimchagua tena mwaka 1905. Alifariki Sydney tarehe 8 Agosti 1909. Aliacha masista wapatao 750 na shule zaidi ya 100.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1995. Mwaka 2009 askofu mkuu wa Adelaide aliwaomba radhi masista hadharani kwa yale aliyotendewa Mary. Tarehe 17 Oktoba 2010 Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu, wa kwanza kutoka Australia. Kanisa lililomtoa nje likamweka altareni.

Tunajifunza nini?

Tunawajua watu walioacha kwenda kanisani baada ya kuumizwa, wao au watoto wao. Hatuwahukumu. Simulizi hii haikuandikwa ili kumwambia mtu aliyejeruhiwa avumilie tu kwa sababu Mary alivumilia. Wanaotumia maisha yake hivyo wanasahau nusu yake. Chanzo kimojawapo cha mateso yale ni kwamba watoto wa Kapunda walipodhulumiwa, wapo watu waliosema.

Kwa hiyo kubaki kwa Mary kulikuwa na mambo mawili yaliyokwenda pamoja: kuipenda imani na kukataa kuufunika uovu. Anayebaki huku akifumba macho, hajabaki kama Mary.

Leo hata sheria ya Kanisa imesogea upande wa masista wale. Tangu mwaka 2019, kwa agizo la Papa Fransisko, mapadre na watawa wote duniani wanawajibika kutoa taarifa wanapojua au kushuku kwa msingi kwamba mtoto amedhulumiwa na mhudumu wa Kanisa. Taarifa hiyo haiondoi wajibu wa kufuata sheria za nchi.

Nasi tunamalizia na la nyumbani. Mtoto akikuambia jambo la namna hiyo, liwe la kanisani, msikitini, shuleni au ndani ya ukoo, mwamini na umsikilize bila kumfokea. Usilimalize kwa kikao cha kifamilia. Namba ya simu ya kumsaidia mtoto ni 116, Tanzania na Kenya, na kupiga ni bure. Kwa Tanzania, pia lipo Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi.

Masista wa Kapunda hawakuwa na simu wala dawati. Walikuwa na mtu mmoja wa kumwambia, na wakamwambia.