Mwalimu Nyerere na Kompyuta za Serikali

Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, Mkoa wa Mara, tarehe 13 Aprili 1922. Alianza masomo katika Shule ya Mwisenge, Musoma, kabla ya kuendelea Tabora, Makerere na Edinburgh.

Chini ya uongozi wake, kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine hizo haukufanikiwa. Wataalamu wazalendo wa kuandika programu walikuwa wachache, na vifaa vililipiwa kwa fedha za kigeni, zilizozidi kuadimika baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, isipokuwa kwa kibali maalumu.

Hatua hiyo iliokoa fedha za umma, lakini ilichelewesha vijana wa Kitanzania kuijua fani hiyo. Masharti yalilegezwa baadaye.

Mwalimu aling'atuka mwaka 1985, akafariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama, ambako leo kipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina lake.