Delamere: Bwana wa farasi aliyeacha deni la ardhi Bonde la Ufa

Na Mwandishi Wetu, Dubai

DUBAI ni mji wa farasi. Tangu mwaka 1996 hufanyika hapa mashindano ya Kombe la Dunia la Dubai, kwanza katika uwanja wa Nad Al Sheba na kuanzia 2010 katika uwanja wa Meydan. Sisi Waafrika Mashariki tunaoishi huku tumezoea kuona farasi akitunzwa kuliko mtoto wa tajiri. Lakini ndugu msomaji, kwetu nako kuna historia ya farasi, na ilianzia malishoni, katika mbuga za ng'ombe za Njoro na Elementaita. Leo tunamtazama mtu aliyeitawala historia hiyo, Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu.

Alizaliwa Uingereza tarehe 28 Aprili 1870. Baba yake alipofariki mwaka 1887, kijana huyo wa miaka 17 alirithi cheo pamoja na shamba kubwa la Vale Royal huko Cheshire. Masomo hayakumvutia. Alichopenda ni kupanda farasi na kuwinda, na mapenzi hayo yakampeleka Usomali. Huko mwaka 1894 alirukiwa na simba. Aliponea chupuchupu kwa sababu Msomali aliyembebea bunduki, Abdullah Ashur, alimvamia simba yule kwa mikono mitupu. Tangu siku hiyo Delamere alichechemea hadi kufa.

Mwaka 1896 alitoka Berbera akiwa na ngamia wapatao 200, akavuka jangwa kuelekea kusini. Mwaka uliofuata akaingia nyanda za juu za nchi inayoitwa Kenya leo. Berbera hiyo hiyo ndiyo bandari ambayo kampuni ya DP World ya hapa Dubai ilianza kuiendesha mwaka 2017, na ndiko mbuzi na kondoo wengi wanaoliwa Ghuba hupakiwa. Dunia ni ndogo.

Alichokiona nyanda za juu kilimtoa akili: majani mpaka upeo wa macho, baridi kama ya kwao, na ng'ombe wa Wamaasai. Mwaka 1903 alipewa na serikali ya kikoloni ekari 100,000 karibu na Njoro, kwa mkataba wa miaka 99 na kodi ya paundi 200 kwa mwaka. Akaliita Equator Ranch. Yeye na mkewe, Lady Florence, binti wa ukoo wa kitajiri wa Ireland, walianza maisha wakiwa katika vibanda vya nyasi.

Ranchi ya ukubwa huo haikaguliwi kwa miguu. Wamaasai walichunga ng'ombe wao kwa kutembea, na mizigo yao ilibebwa na punda. Mlowezi yeye alihitaji farasi, naye farasi alikuwa mgeni. Waliotumika sana ni farasi wadogo wagumu kutoka Uhabeshi na Usomali. Wale waliotoka Ulaya walikufa kwa wingi kwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na vijidudu warukao wadogo kuliko mbu. Kila aliyefuga farasi alijifunza kumwingiza bandani kabla ya jua kuzama.

Njoro ilimtia hasara. Kondoo alioagiza kutoka New Zealand walikufa, na ng'ombe walidhoofika ingawa majani yalikuwa mengi. Baadaye ilifahamika kwamba udongo ule ulipungukiwa madini. Wafugaji wenyeji walikuwa na sababu za kutokaa pale na mifugo yao, ila hakuna aliyewauliza. Delamere akageukia ngano, nayo ikaliwa na kutu. Akagharimia utafiti wa mbegu, na mwaka 1908 akawa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Unga, ambayo jina lake bado limo jikoni mwa Wakenya.

Njoro hapo hapo ndipo alipokulia Beryl Markham, binti wa mfunza farasi Charles Clutterbuck. Akiwa na miaka 18 alipata leseni ya kufunza farasi wa mashindano, na mwaka 1936 akavuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza kwenda magharibi.

Ng'ombe wa Delamere walistawi baadaye huko Soysambu, kando ya ziwa Elementaita. Na hapa ndipo penye kidonda. Kwa mkataba wa Agosti 1904 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini ya reli. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, wakang'olewa na Laikipia pia. Walikwenda mahakamani katika kesi ya Ole Njogo, ikatupwa mwaka 1913. Delamere alizungumza Kimaasai, aliajiri Wamaasai, alikaa nao usiku akisikiliza habari za ng'ombe. Aliwapenda watu, akaitaka ardhi yao. Katika siasa alikuwa kiongozi wa walowezi, akipinga Wahindi wasipewe haki sawa na kutaka nchi iwe ya Wazungu.

Alifariki tarehe 13 Novemba 1931, akiwa na miaka 61 na madeni makubwa benki, akazikwa Soysambu. Mali ya Uingereza ilikuwa imeyeyukia Kenya. Sanamu yake iliwekwa katikati ya Nairobi. Uhuru ulipofika iliondolewa ikapelekwa Soysambu, na Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue.

Sanamu huondolewa kwa siku moja. Ardhi ni jambo jingine. Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba ule, Wamaasai waliandamana na kuingiza ng'ombe katika ranchi za Laikipia wakidai muda umekwisha. Polisi walitumia nguvu na mzee mmoja akauawa kwa risasi. Katiba ya 2010 ilipunguza mikataba ya wageni ya miaka 999 kuwa miaka 99, lakini haikusema nani arudishiwe nini.

Tunaoishi ugenini tunajua thamani ya mahali pa kurudi. Mmaasai wa 1904 aliondolewa akiwa nyumbani kwake, na wajukuu zake bado wanaitazama Soysambu wakiwa nje ya uzio.