Mwalimu Nyerere alivyopandishwa kizimbani kwa sababu ya gazeti

Siku hizi uchaguzi ukikaribia simu zinajaa habari ambazo hata anayezituma hajui zimetoka wapi. Wengi wanailaumu intaneti. Hebu tujikumbushe Mwalimu Nyerere, maana vita hii ya ukweli na uvumi ilimkuta zamani sana.

Alizaliwa Butiama 1922, akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu. Julai 7, 1954 TANU ikaanzishwa, yeye ndiye rais wake. Mwaka uliofuata akaacha ualimu.

1958 akaandika kwenye Sauti ya TANU, akiwatuhumu wakuu wawili wa wilaya wa kikoloni. Serikali ikamshitaki kwa kashfa. Alitetewa na wakili D. N. Pritt kutoka London, lakini Agosti akatiwa hatiani: faini shilingi 3,000 au jela miezi 6. Faini ikalipwa. Angechagua jela pengine hasira zingelipuka na uchaguzi ukavurugika. Septemba watu wakaanza kupiga kura, na TANU ikashinda.

1962 akatoa kijitabu cha Tujisahihishe, akiwakumbusha wana-TANU kwamba ukweli hauangalii mkubwa wala mdogo.

Sasa hapa ndipo pagumu jamani. 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. 1970 gazeti la Standard likataifishwa. 1976 ikaja Sheria ya Magazeti, waziri akapewa nguvu za kufungia gazeti. Yaani mtu aliyepigwa faini kwa kuandika, serikali yake nayo ikashika rungu. Huku bara redio ya nchi ilikuwa moja tu, ya serikali. Ambacho hakikutangazwa watu walikitafuta kijiweni, na kijiweni kila mtu anaongeza chumvi yake.

Lakini mzee hakugoma kubadilika. Kuanzia 1990 alihimiza mjadala wa vyama vingi. Tume ya Jaji Nyalali ikakuta karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, ila Mwalimu akaona wale wachache nao wasikilizwe. 1992 vyama vingi vikarudi. Akafariki London, Oktoba 14, 1999.

Mimi ninachokiona ni hiki: ukifunga midomo, uvumi ndio unanenepa. Serikali iache ukweli usemwe, na sisi tuulize kwanza habari imetoka wapi kabla ya kuisambaza. Kura inayopigwa kwa uongo inamuumiza aliyeipiga.

Wadau mnasemaje? Mwageni maoni, ila matusi hapana.