Kombe la Wendell Scott
Marehemu Wendell Scott, fundi wa magari wa Danville, Virginia, aliyezaliwa mwaka 1921, ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda mbio za daraja la juu za magari za NASCAR. Tarehe 1 Desemba 1963, mjini Jacksonville, alimaliza mbele kwa mizunguko miwili. Hata hivyo kombe alikabidhiwa Buck Baker, mzungu. Saa chache baadaye, watazamaji wakiwa wamekwisha ondoka, wasimamizi walikiri kwamba hesabu ilikosewa. Scott alifariki mwaka 1990. Kombe rasmi jamaa zake walikabidhiwa mwaka 2021. Enyi wenye dhamana, kukiri kosa ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kumrudishia mtu chake angali hai.