Rudolf Diesel, mtoto wa ukimbizini aliyetupa injini ya dizeli

Asubuhi za Juni na Julai hapa Gitega, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, baridi huwa kali. Madereva wa malori yanayokwenda Muyinga kupitia Karuzi huziacha injini zingurume hata robo saa kabla ya kuondoka. Wanafunzi wangu huniuliza sababu. Jibu limo katika maisha ya Rudolf Diesel.

Alizaliwa Paris Machi 18, 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, familia ililazimika kukimbilia London. Rudolf, akiwa na miaka 12, alitumwa Augsburg, Ujerumani, kwa jamaa zake ili asome. Mimi niliyesomea ukimbizini Tanzania naujua uzito wa safari hiyo.

Chuoni Munich alifundishwa na Profesa Carl von Linde kwamba mashine za mvuke hupoteza sehemu kubwa mno ya joto la makaa. Upotevu huo ulimkera. Mwaka 1893 alianza majaribio Augsburg, na mwaka 1897 injini yake ikafaulu, ikigeuza asilimia 26 hivi ya nishati ya mafuta kuwa kazi.

Injini hiyo haihitaji cheche. Pistoni hubana hewa hadi ipate joto la kuwasha mafuta. Silinda zikiwa baridi, hunyonya joto hilo, na injini hukohoa na kutoa moshi mweupe. Ndiyo maana magari mengi ya dizeli yana plagi za kupasha moto: fungua swichi, ngoja taa ya manjano izimike, ndipo upige stata.

Lakini robo saa ya nini? Dakika moja hivi hutosha oili kuenea. Lori la breki za upepo lisubiri upepo ujae. Kisha endesha taratibu kilomita za kwanza, kwani injini hupata joto upesi zaidi ikiwa kazini.

Diesel alitajirika, kisha akafilisika. Usiku wa Septemba 29, 1913 alitoweka melini akitoka Antwerp kwenda Uingereza, akiwa na miaka 55. Mwili wake ulionekana baharini siku chache baadaye.

Ndugu msomaji, mwaka 2024 tulipanga foleni ndefu za mafuta nchini. Anayeunguza dizeli akiwa amesimama anarudisha upotevu uleule ambao mtu huyu alitumia maisha yake kuupunguza.