Askofu Josiah Kibira

Askofu Josiah Kibira alizaliwa mwaka 1925 upande wa Bukoba, mbali sana na Gitting, lakini kanisa alilolitumikia ni hili hili la KKKT. Mwaka 1947 aliguswa na Uamsho uliokuwa ukienea Afrika ya Mashariki kutoka Rwanda na Uganda, akampokea Bwana Yesu kuwa Mwokozi wake.

Kwa watu wa Uamsho, kuokoka hakukuwa jambo la siku moja likaisha. Ndugu walikutana mara kwa mara na kuyaweka mambo yao nuruni: uongo, kiburi, chuki, mali ya mtu isiyorudishwa. Kisha kila mmoja alikwenda kwa aliyemkosea ili wapatane. Kibira alibaki mtu wa Uamsho alipokuwa mwalimu, aliposomea theolojia Bethel, Ujerumani, na hata alipowekwa wakfu kuwa Askofu mwaka 1964, akimrithi Bengt Sundkler kutoka Sweden. Hapo ndipo palipo na uzito, maana ni vyepesi kwa mwongofu mpya kutubu mbele ya wenzake kuliko kwa askofu mbele ya washarika wake.

Juni 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Aliongoza hadi mwaka 1984. Ugonjwa wa Parkinson uliudhoofisha mwili wake, naye akalala katika Bwana tarehe 18 Julai 1988.